Major Grimwood: aliyetoka Kenya kuja kumuokoa maha wa Arabuni

Leo nataka niwahadithieni habari za mtu mmoja ambaye wengi wetu hapa Doha hatumjui hata kwa jina, lakini kazi yake tunaiona kila siku. Ukienda kumpokea mgeni uwanja wa ndege wa Hamad, tazama mikia ya ndege za Qatar Airways: kuna kichwa cha mnyama mwenye pembe ndefu. Huyo ni maha, ambaye sisi watu wa Afrika Mashariki tunamwita choroa wa Arabuni. Mwaka 2006, Michezo ya Asia ilipofanyika hapa, ndiye aliyechorwa kuwa alama ya michezo. Watoto wangu wamemzoea hivyo hivyo, kama picha tu.

Siku moja mwanangu mdogo akaniuliza kama mnyama huyo yupo kweli au ni wa hadithi kama jini. Nikaona aibu. Tumekaa Qatar miaka yote hii na hatujampeleka mtoto kumuona. Basi mume wangu akatafuta ruhusa, tukaungana na familia nyengine mbili, Ijumaa moja wakati wa baridi tukaenda Shahaniya wanakofugwa. Bi mkubwa, mamangu mzazi, naye alikuwa yuko kwetu kwa matembezi kutoka Mombasa, tukamchukua.

Tulipofika tukawakuta wamesimama kwenye uzio wao, weupe kama maziwa, miguu myeusi, pembe zimenyooka kama fimbo mbili. Watoto wakanyamaza kimya. Bi mkubwa akawatazama kwa muda, halafu akasema jambo lililonishtua. Akasema ndio hawa aliokuwa akiwasema marehemu baba.

Nikakumbuka. Baba, Allah amrehemu, alikuwa kijana wa Kihadhrami wa Mombasa, na kabla hajaoa alikaa miaka michache Isiolo, kaskazini ya Kenya, dukani kwa ami yake. Walikuwa wakiuza sukari, majani ya chai na nguo kwa Waborana na Wasomali. Sisi tulipokuwa wadogo alikuwa akituhadithia kuwa mwaka mmoja, kabla ya uhuru, walikuja Isiolo wanyama weupe walioletwa kwa ndege kutoka bara Arabu. Tulikuwa tukimcheka. Nani achukue mnyama Arabuni ampeleke Isiolo, na Isiolo yenyewe imejaa choroa? Kaka yangu alikuwa akimwambia kuwa hao ni mbuzi wa Wasomali. Baba alikuwa akikasirika, mwisho akaacha kuihadithia kabisa.

Niliporudi nyumbani Doha usiku ule sikulala. Nikaanza kusoma. Nikakuta kwamba baba alikuwa akisema kweli tupu, na kwamba aliyewaleta wanyama wale Isiolo aliitwa Major Ian Grimwood.

Nani alikuwa Grimwood

Ian Grimwood alikuwa Mwingereza, aliyezaliwa mwaka 1912. Ujana wake aliumaliza jeshini, katika jeshi la Uingereza la Bara Hindi, na cheo cha meja alichokipata huko ndicho kilichobaki mbele ya jina lake mpaka kufa kwake. Baada ya Vita Vikuu vya Pili alihamia Afrika, akaingia idara ya wanyamapori ya Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia. Huko hakuwa mtu wa ofisi tu. Alikuwa akitembea porini na kuangalia kila kitu, hata ndege wadogo wa majanini. Yupo ndege mmoja wa Zambia, Angola na Kongo ambaye mtaalamu mwenziwe alimpa jina la Grimwood mwaka 1955, na mpaka leo vitabu vya ndege vyamwita hivyo.

Mwaka 1960 akawa mkuu wa idara ya wanyamapori ya Kenya. Ilikuwa kazi nzito, na wakati wenyewe ulikuwa mzito. Ukoloni ulikuwa unafunga virago. Ukame na mafuriko ya 1961 yaliua wanyama wengi, na watu pia walitaabika. Wengi walikuwa wakijiuliza kama wanyama watabaki baada ya uhuru. Katika hali hiyo, akiwa na mzigo wa nchi nzima kichwani, ndipo likamjia jambo la Arabuni.

Maha alivyokaribia kumalizika

Zamani maha alienea bara Arabu karibu lote, mpaka Jordan, Syria na Iraq. Ni mdogo kuliko choroa wote wa dunia, lakini ndiye aliyeumbwa kwa jangwa khasa. Anaweza kukaa muda mrefu bila kunywa maji, akijitosheleza kwa majani na umande. Rangi yake nyeupe inarudisha mwanga wa jua. Mvua ikinyesha mbali, anakwenda mpaka aipate.

Mabedui walimwinda tangu zama na zama. Lakini mtu aliyepanda ngamia na bunduki ya kale alikuwa akipata mmoja baada ya siku nyingi za taabu, wakala yeye na watu wake, na kundi likabaki. Mizani iliharibika yalipokuja mafuta, na pamoja na mafuta magari ya jangwani na bunduki za risasi nyingi. Gari halichoki wala halina kiu. Maha mbio zake zote hazimfai kitu kwenye uwanda mtupu. Watu wakaweza kulimaliza kundi zima asubuhi moja, wala si kwa njaa bali kwa mchezo.

Kufika miaka ya 1950, maha wa kaskazini, wa jangwa la Nafud, walikuwa wamekwisha. Waliobaki walikuwa kusini tu, pembezoni mwa Rubu al Khali, kuelekea Oman, Hadhramaut na Mahra. Na huko nako, mwanzoni mwa miaka ya 1960, misafara ya magari ya wawindaji ikawafuata, ikivuka mchanga kutoka upande huu wetu wa Ghuba. Nalisema hili bila ya kumtaja mtu, lakini nalisema, maana haina faida kuwafundisha watoto nusu ya habari. Waliowamaliza hawakutoka mbali.

Lakini na hii nusu nyengine ni kweli pia: waliowahifadhi wengine nao walikuwa watu wa huku huku. Hapa Qatar, Sheikh Qassim bin Hamad Al Thani alikuwa na kundi lake la maha alilolifuga na kulitunza katika miaka ile ile ambayo wa porini walikuwa wakiisha.

Safari ya 1962

Habari za kumalizika kwa maha zilifika London, kwenye jumuiya ya kuhifadhi wanyama iliyokuwa na umri wa karibu miaka 60 wakati ule. Wakakata shauri kwamba kuwalinda palepale walipo haiwezekani, kwa sababu hakuna serikali iliyokuwa na nguvu ya kulinda jangwa lile. Njia iliyobaki ni kuwakamata wachache wakiwa hai, kuwaweka mahali pa salama wazaane, na ikiwezekana siku moja warudishwe kwao. Shirika la WWF, lililokuwa limeanzishwa mwaka 1961 tu, likasaidia kwa fedha. Wakatafuta mtu wa kuiongoza kazi, wakamchagua Grimwood.

Jiulizeni kwa nini walimtaka mtu wa Kenya. Kwa sababu Kenya ndiko watu walikojua kumkamata mnyama mkubwa akiwa mzima. Walikuwa na magari maalumu, ambayo mtu anakaa ubavuni na mti mrefu wenye kitanzi mwishoni, gari linamfukuzia mnyama na yule mtu anamvisha kitanzi shingoni. Ukisikia hivi waona ni jambo jepesi. Lakini choroa akikimbizwa muda mrefu kwenye joto, mwili wake unapanda moto na misuli inaharibika, anaweza kufa baada ya saa kadhaa ijapokuwa hana jeraha hata moja. Kwa hivyo mbio ziwe fupi mno, na akishakamatwa atiwe kivulini na kwenye kasha haraka.

Aprili 1962 Grimwood na wenziwe walikuwa tayari mashariki ya Aden, katika nchi ya Mahra. Pamoja naye alikuwako Michael Crouch, ofisa wa serikali ya Kiingereza wa sehemu zile, na Anthony Shepherd, ambaye baadae aliandika kitabu kizima juu ya safari hiyo. Walikuwako pia askari wa kibedui na wafuata nyayo wa huko, na bila ya hao wasingefika popote. Mzungu na ramani yake anaona mchanga mtupu, bedui anaona kuwa mnyama alipita hapa jana alasiri, na alikuwa akielekea wapi. Kulikuwa na ndege ndogo pia ya kutazama kutoka juu.

Majuma yakapita. Joto likazidi, magari yakazama mchangani, na habari zikawafikia kwamba wawindaji walikuwa wamepita tena. Mwisho wa taabu yote hiyo, walipata maha wanne tu. Watatu madume, mmoja jike. Na mmoja katika madume akafa. Walipomchunguza walimkuta ana risasi ya zamani mwilini. Alikuwa amepigwa na wawindaji kabla, akaishi nayo, akaja kufia mikononi mwa watu waliotaka kumuokoa.

Mimi nilipofika hapa niliacha kusoma nikaenda kunywa maji. Sijui kwa nini mnyama mmoja yule alinihuzunisha kuliko wote waliouawa kwa makundi.

Wakabaki watatu. Wakapandishwa ndege mpaka Kenya, wakapelekwa Isiolo, mahali pakavu panapofanana kidogo na kwao. Na pale ndipo marehemu baba, kijana wa duka, aliposikia au alipowaona. Bi mkubwa asema aliwaona kwa macho yake, alikwenda na vijana wenziwe kuwachungulia. Choroa wa Isiolo ni mkubwa na rangi yake ni ya kijivu inayoelekea hudhurungi. Hawa walikuwa wadogo na weupe. Kijana aliyetokana na Hadhramaut amewakuta wanyama wa nchi ya babu zake wamefika Isiolo kama walivyofika babu zake Mombasa. Si ajabu alikuwa akiikumbuka hadithi ile mpaka uzeeni.

Kundi la dunia

Wanyama watatu, jike mmoja, hawatoshi kuanzisha kizazi. Ikabidi waombwe wengine. Bustani ya wanyama ya London ikatoa jike. Kuwait ikatoa jike. Mfalme Saud wa Saudi Arabia akatoa wanne, madume wawili na majike wawili. Jumla yao wakawa tisa. Mahali palipochaguliwa ni mji wa Phoenix, katika jimbo la Arizona, Marekani, kwa sababu hali ya hewa yake ni ya jangwa, kavu na yenye joto. Kutoka Kenya wale watatu walisafiri safari ndefu, pamoja na karantini, wakafika Phoenix mwaka 1963. Oktoba ya mwaka huo huo akazaliwa ndama wa kwanza.

Kundi hilo likaitwa kundi la dunia, kwa sababu si la mtu wala la nchi moja. Wakazidi mwaka hadi mwaka, wengine wakapelekwa bustani nyengine ili maradhi yakiingia mahali pamoja yasiwamalize wote.

Grimwood mwenyewe hakukaa kuwatazama. Alirudi kazini Kenya. Mwaka huo huo wa 1963, idara yake iliwahamisha hirola kutoka mashariki ya mto Tana kuwapeleka Tsavo. Wasomaji wenye asili ya Lamu na Garissa wanamjua hirola, swala mwenye alama machoni kama mtu aliyevaa miwani. Leo hirola ni miongoni mwa swala adimu kabisa duniani, hawafiki hata mia tano, na wale wa Tsavo ni uzao wa waliohamishwa. Kwa mara ya pili Grimwood alikuwa amefanya jambo lile lile: kuweka akiba mahali pengine, kabla ya akiba kuhitajika.

Aliacha ukuu wa idara mwaka 1964, baada ya uhuru. Hakustaafu. Alikwenda Peru, Amerika ya Kusini, akaandika hali ya wanyama wa nchi ile. Alikwenda Pakistan kwa kazi ya shirika la Umoja wa Mataifa la chakula na kilimo, akatembea milima na majangwa na kuishauri serikali wapi iweke hifadhi. Katika miaka ya 1970 alipewa tuzo kubwa ya J. Paul Getty ya kuhifadhi wanyamapori. Alifariki mwaka 1990.

Kurudi nyumbani

Mwaka 1972, miaka 10 baada ya safari ile, maha wa mwisho wa porini waliuawa au kukamatwa huko Jiddat al Harasis, Oman. Hapo dunia nzima haikuwa na maha hata mmoja aliye huru. Lau wale waliowaona Grimwood na wenziwe ni wapotezaji wa pesa wangesikilizwa, ingekuwa imekwisha, na watoto wangu wangebaki na ile picha ya mkia wa ndege tu.

Lakini walikuwako Phoenix, walikuwako kwa masheikh wa Ghuba, na Sultan Qaboos wa Oman aliamua warudi. Mwaka 1980 wakaanza kuletwa kutoka Marekani. Mwanzoni mwa 1982 kundi la kwanza likafunguliwa jangwani, mahali panapoitwa Yalooni. Walinzi wakawekwa Waharasi wenyewe, mabedui wa pale pale, ambao wazee wao waliwajua maha kabla hawajamalizika. Grimwood alikuwa hai bado. Aliishi kuona maha wakitembea tena jangwani, na kati yao uzao wa wale aliowakamata.

Natamani ningemalizia hapa, lakini haikuishia hapo. Maha wa Oman wakazidi wakapita mia nne. Kisha kutoka mwaka 1996 ujangili ukarudi. Safari hii hawakutafuta nyama. Waliwakamata wakiwa hai, majike khasa, kwa ajili ya kuwauza kwa watu wanaotaka mnyama adimu uani kwao. Wengi walikufa njiani. Mwaka 2007 walikuwa wamebaki kiasi ya 65, na Unesco ikaifuta hifadhi ile katika orodha ya urithi wa dunia. Ilikuwa mara ya kwanza mahali popote kufutwa.

Alhamdulillahi, nchi nyengine zilikuwa zimekwisha kuanzisha makundi yao. Saudi Arabia, Imarati, Jordan na hapa petu Qatar. Mwaka 2011 wataalamu wakampandisha daraja maha kutoka waliomo hatarini hasa mpaka wenye hatari ndogo zaidi, na wa porini wakihesabiwa kufika kiasi ya elfu moja. Hajawahi mnyama mwengine aliyekwisha kabisa porini kupandishwa mpaka daraja hiyo kabla yake.

Kwa nini nimeandika

Juzi kijana mmoja wa kwetu alinionyesha kwenye simu picha ya mtoto wa duma anauzwa. Mzuri kweli, macho makubwa, amekaa juu ya zulia. Akaniuliza naonaje, rafiki zake wawili wanataka kuchangia. Kama angeniuliza kabla ya ile Ijumaa ya Shahaniya, huenda ningecheka tu nikasema mashaallah.

Nikamwambia kuwa watoto wa duma hao wengi wanaibwa Pembe ya Afrika, huko Somalia na Ethiopia, wanavushwa Yemen, na wengi wanakufa kabla ya kufika. Anayefika mmoja nyuma yake kuna maiti. Nikamhadithia maha wa Oman waliokamatwa hai. Nikamhadithia yule dume aliyekufa na risasi ya zamani. Hakunijibu kitu, lakini picha aliifuta mbele yangu. Ninavyojua mpaka leo hawajanunua.

Mnyama hamalizwi na mtu mbaya mmoja. Anamalizwa na watu wazuri wengi, kila mmoja akidhani wake mmoja hauna madhara. Na hivyo hivyo kumuokoa. Grimwood alipata watatu, London ikatoa mmoja, Kuwait mmoja, mfalme wanne. Hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa na wa kutosha peke yake.

Wiki iliyopita nilimpigia simu kaka yangu Mombasa nikamueleza yote, tangu Mahra mpaka Isiolo. Alinyamaza, halafu akaniuliza kama nina hakika. Nikamwambia nina hakika. Akasema Jumamosi atakwenda kaburini kwa baba.

Nyinyi wenye wazee hai, waulizeni hadithi zao msizicheke. Na mkipata nafasi wapelekeni watoto wakawaone maha. Wakati wa baridi ndio mzuri.